"Kaka, Nipe Kitabu Kizuri": Namna ya Kuchagua Kitabu cha Kusoma kwa Raha

Ombi ni lilelile kila siku. Mtu anasimama mbele ya turubai langu, anainama, anagusa jalada hili, anageuza lile, kisha ananyooka na kusema: "Kaka, nipe kitabu kizuri."

Nauza vitabu vya mtumba kandokando ya barabara, katikati ya jiji la Dar es Salaam, na ombi hilo sijawahi kulipatia jibu la mkato. Kizuri kwa nani? Kuna kitabu ambacho mzee mmoja alikirudia mara tatu. Binti aliyekichukua baada yake akakirudisha kesho yake, akasema kimempa usingizi. Wote wawili walikuwa wakweli. Kwa hiyo simpi mtu kitabu kabla sijamhoji, hasa yule anayeniambia hajasoma kitabu chochote tangu amalize shule. Hapa naeleza maswali ninayomuuliza na mambo ninayomwonyesha, ili siku ukisimama mbele ya turubai la mwingine ujihoji mwenyewe.

Huu ni mwongozo, ingawa neno lenyewe lina dhambi zake. Kwa aliyesoma sekondari Kenya, mwongozo ni kile kijitabu kinachokusimulia dhamira, wahusika na tamathali za semi za riwaya ambayo hujaigusa. Kwetu Tanzania tuliuita uchambuzi, na kazi ilikuwa ileile. Mtu anatoka shule akijua kwamba Karama wa *Kusadikika*, kitabu cha Shaaban Robert, ni "jasiri na mtetezi wa haki", maksi mbili, lakini hajawahi kukaa naye kizimbani akasikia anavyojitetea. Ndivyo wengi wetu tulivyoachana na vitabu.

1. Ondoa mtihani kichwani

Hakuna atakayekuuliza dhamira. Hakuna atakayekuuliza kama umekimaliza. Ukipenda hadithi za mapenzi, penda. Ukipenda za mauaji na kufukuzana kwa magari, ni sawa. Usinunue kitabu kwa sababu kitakupa sura ya msomi ndani ya daladala.

Neno moja kuhusu vile vitabu vya "jinsi ya kufanikiwa". Navitembeza kuliko vitu vyote, na sitaacha kuviuza, nina watoto wa kusomesha. Ila naona vinavyorudi kwangu baada ya mwaka: kurasa ishirini za mwanzo zimepigiwa mistari kwa kalamu, zilizobaki ni safi kama siku vilipotoka kiwandani. Mtu alivinunua kama anavyonunua dawa. Kama unatafuta raha, anza na hadithi. Ya mafanikio utayakuta mbele ya safari, yakikuvutia.

2. Jiulize unapenda kusimuliwa nini

Hatua hii ndiyo yenye uzito, na ndiyo watu wanayoiruka. Mtu husema "mimi si mtu wa kusoma" kana kwamba hajawahi kusikiliza kisa hadi mwisho. Lakini muulize jana usiku alikuwa anafanya nini. Alikuwa anafuata tamthilia ya Kituruki iliyotafsiriwa. Au alikaa kibarazani hadi saa tano akisikiliza habari za mume wa jirani. Au alikuwa anasikiliza simulizi ya kutisha kwenye simu, gizani, shuka limefika puani. Huyo anapenda hadithi sana, ila hajakutana na zilizoandikwa kwa ajili yake.

Kama unapenda kesi, yaani ile hamu ya kujua ni nani aliyefanya, una bahati, maana Kiswahili kina hazina kubwa hapo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar ndiye aliyefungua njia kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kilichotoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi. Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mtu wa kiko mdomoni, hana haraka, anawaacha wengine waongee hadi wajifunge wenyewe. Utamu wake hauko kwenye bastola, uko kwenye mazungumzo. Anayetaka mwendo mkali zaidi nampa *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, au namkabidhi kwa Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba, anayeanza na *Kufa na Kupona*. Kuna pia Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Vitabu hivi walimu hawakuvipa heshima kubwa, lakini kizazi kizima cha Watanzania kilijifunza kupenda kusoma kwa kuvificha chini ya dawati. Kwa walio hai na wanaoandika leo, muulizie Hussein Tuwa.

Kama unachofuata ni mambo ya nyumba, ndoa, mapenzi yanayokatazwa na siri za ukoo, nenda Zanzibar tena. *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi inaanza na Yasmin, msichana mdogo aliyeozwa kwa Bwana Raza, mtu wa umri wa baba yake, naye hakubali kuyamalizia maisha yake dukani kwa mzee huyo. Humo humo kuna siasa za kupinga ukoloni, lakini hutahisi unafundishwa. Ilitengenezewa filamu mwaka 2021 na Amil Shivji. Kama umeiona, soma kitabu hata hivyo, maana kuna mengi ambayo skrini haikuyabeba. Jirani yake ni *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, ya Maimuna aliyefungiwa ndani na baba mwenye sura mbili, moja ya nje na moja ya nyumbani. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, nayo ni ya binti na baba mkali, safari hii kisiwani Ukerewe. Inasomeka upesi sana, lakini nakuonya mapema: si kitabu cha kumchangamsha mtu mwenye huzuni zake. Kuna dada alinirudia na macho mekundu akanilaumu kwamba sikumwambia. Tangu hapo namwambia kila mtu.

Wapo wapenda historia, wale wanaoweza kumsikiliza babu asimulie ya zamani wakasahau chakula. Hao *Kuli* ya Adam Shafi inawafaa, kwa sababu ule mgomo wa makuli wa Zanzibar wa 1948 wanaupitia wakiwa mabegani mwa Rashidi, mtoto wa kuli. Siku hizi wana pia *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Ni kisa cha mvulana anayetolewa nyumbani kwao kwa sababu ya deni la baba yake, akafuata misafara ya biashara kwenda bara. Hiki kinatembea polepole. Kama unatafuta kitabu chako cha kwanza kabisa, hiki labda kiwe cha tatu.

Kwa mpenda safari kuna *Siku Njema* ya Ken Walibora: kijana Kongowea Mswahili anatoka Tanga kwenda kumtafuta baba yake Kenya. Wakenya wengi waliisoma shuleni na hata hivyo wanaipenda, jambo ambalo kwa kitabu cha shule ni muujiza. Na anayependa maisha ya watu wa kweli kuliko ya kubuni asilazimishwe riwaya. Shaaban Robert alimwandikia wasifu Siti binti Saad, yule msichana wa kijijini aliyekuwa sauti ya taarab, na Walibora aliandika maisha yake mwenyewe katika *Nasikia Sauti ya Mama*.

Umeona sijasema "anza na vitabu bora vya Kiswahili". Orodha za vitabu bora huandikwa na watu walioshiba. Wewe una njaa, na mwenye njaa huuliza kwanza chakula gani kiko tayari.

3. Pima unene, lakini usidanganyike nao

Kitabu cha kwanza kiwe chembamba. Sababu ni moja tu: raha ya kumaliza. Ukisoma kurasa 10 kwa siku, kitabu cha kurasa 120 kinakwisha siku ya kumi na mbili, na siku hiyo kuna kitu kinabadilika ndani yako. Ukianza na cha kurasa 400 utatembea nacho zaidi ya mwezi mzima, na tozo, ada na msiba wa Morogoro vitakukuta katikati.

Lakini wembamba si wepesi. *Nagona* ya Kezilahabi ni kijitabu unachoweza kukitia mfukoni, na nimeona wanachuo wakitoka nacho jasho. Ni kitabu cha maajabu, ila kinataka msomaji aliyekwisha kuzoea kupotea njia bila kuogopa. Kwa hiyo unene upime, kisha uende hatua ya nne na ya tano kabla hujaridhika.

Ukiona hata kurasa 120 ni nyingi, chukua mkusanyiko wa hadithi fupi, mathalani *Tumbo Lisiloshiba*. Hadithi moja inaisha jioni moja, na usiyoipenda unairuka, inayofuata ni ya mwandishi mwingine. Tamthilia za kusoma siwapi wanaoanza. Ni nyembamba, kweli, lakini ziliandikwa zichezwe jukwaani, na msomaji mgeni huchoka kukumbuka nani anasema nini.

4. Sikiliza Kiswahili chake

Wateja hudhani Kiswahili ni Kiswahili. Kitabu cha Unguja kitakwambia mtoto amekwenda "skuli", nawe wa bara udhani ni kosa la kiwanda. Kitabu cha Kenya kitakupa "runinga" na "tarakilishi" pale ulipozoea televisheni na kompyuta, na methali zitakuja tatu kwa ukurasa. Shaaban Robert, aliyeandika *Kusadikika* mwaka 1951, anapanga sentensi kama mtu anayepanga vikombe vya wageni: kila kimoja mahali pake, na huwezi kuvipitia mbio. Musiba na Mtobwa wanaandika kama mtu anayekuhadithia ndani ya basi.

Hakuna kilicho bora hapo. Swali ni kipi kinaingia sikioni mwako bila kusukumwa. Kama umekulia Mwanza, Kigoma, Bujumbura au Goma, usijione mjinga kwa kukwama kwenye maneno ya pwani ya mwaka 1960. Hata wa pwani wa leo wanakwama. Anza na Kiswahili kilicho karibu na chako, kile kingine kitakuja chenyewe.

Kamusi iweke nyumbani. Neno usilolijua liruke, mara nyingi sentensi inayofuata italieleza. Likirudi mara ya nne na bado linakusumbua, ndipo ulitafute. Msomaji anayefungua kamusi kila mstari amejirudisha darasani mwenyewe.

5. Onja kabla ya kulipa

Mama ntilie hakukatazi kunusa sufuria. Muuza vitabu pia, akiwa na akili, hakukatazi kusoma wima. Mimi nina ndoo nimeigeuza kuwa kigoda kwa kazi hiyo.

Usianze na nyuma ya jalada. Maneno ya pale yaliandikwa na anayeuza. Fungua ukurasa wa kwanza, soma wote, kisha fungua popote katikati usome ukurasa mwingine. Wa kwanza hupambwa sana, ule wa katikati ndio unaokuonyesha mwandishi anavyoishi siku za kawaida. Wakati unasoma, kunja kidole kimoja kila unapokutana na neno linalokukwamisha. Mkono ukiwa umeshakuwa ngumi kabla ukurasa haujaisha, kirudishe kwa leo.

Kisha funga kitabu, ujiulize: nataka kujua kilichofuata? Usijiulize kama ni kizuri wala kama kina mafunzo. Kama jibu ni ndiyo, hata ndiyo ndogo, huyo ndiye wako. Kama unajishauri, si huyo.

Waswahili wanasema mchagua jembe si mkulima. Mimi nasema aliyesema hivyo hakuuza vitabu. Chagua hadi muuzaji anune.

6. Kama ni cha mtumba, kikague mwili

Hapa naharibu biashara yangu, lakini sikiliza. Angalia ukurasa wa mwisho kwanza, kama upo. Riwaya ya upelelezi isiyo na ukurasa wa mwisho ni laana. Pitisha kidole kwenye namba za kurasa pale katikati, maana gundi ikizeeka huachia fungu zima, unatoka ukurasa wa 64 unatua wa 81. Epuka chapa za kurudufu zenye herufi zilizofifia: macho yatachoka, nawe utadhani ni akili iliyochoka. Herufi ndogo sana nazo ni adui wa anayeanza, hasa kama unasoma usiku kwa taa ya umeme wa jua.

Maandishi ya penseli pembeni usiyaogope. Mengine ni burudani tosha. Nina nakala moja ambayo mwanafunzi aliandika "umaskini, angalia uk. 30" kwa mwandiko mzuri, na ukurasa wa 30 wenyewe akaandika: "huyu kaka ni mjinga jamani".

Huna pesa? Maktaba. Dar es Salaam iko Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na mikoani kuna matawi. Nairobi wana McMillan, jengo la tangu 1931, mbali na maktaba za taifa za KNLS. Uzuri wa maktaba kwa anayeanza ni kwamba kukosea hakuna gharama: unachukua, hukipendi, unarudisha. Wauzaji wengine tunakubali pia kubadilisha kwa nyongeza ndogo kama kitabu hakijachakaa. Uliza kabla ya kulipa, usiulize baada ya kukimwagia chai.

Na hadithi za kwenye simu, zile zinazotumwa sehemu kwa sehemu? Ni kusoma, usikubali mtu akwambie vinginevyo. Wengi wa wateja wangu vijana wameanzia huko. Ila nakala za vitabu vizima zinazozungushwa bure kwenye makundi ni wizi. Mwandishi hapati hata senti, halafu tunashangaa kwa nini haandiki cha pili.

7. Kipe muda wake, na ukiache bila kuaga

Tafuta dakika 20 ambazo tayari zinapotea kila siku: foleni, kituoni, ule wakati wa kusubiri wali uive. Usingoje jumapili ya utulivu, haiji. Weka kitabu mahali ambapo mkono ulizoea kuikuta simu.

Soma kurasa 30. Kama hadi hapo hujali nani anaishi na nani anakufa, kiache. Hii ndiyo hatua inayowashinda watu wazima, kwa sababu tumelelewa kumaliza kilicho sahanini. Mteja wangu mmoja, mwalimu wa Kifaransa, alinihadithia kuhusu Daniel Pennac, mwalimu mwenzake wa Ufaransa aliyeandika mwaka 1992 haki kumi za msomaji. Ya kwanza ni haki ya kutosoma kabisa, ya pili kuruka kurasa, ya tatu kutomaliza kitabu. Nilicheka, kwa sababu mimi huwaambia watu hivyohivyo bila kujua kwamba kuna mtu amekwisha kuviandika. Mtu anayejilazimisha kumaliza kitabu kibovu hasomi kingine kwa miezi sita. Anayekiacha jumatatu, jumatano yuko turubaini. Nani ana faida?

Usikichome wala usikitukane, lakini. *Kusadikika* nilikiacha nikiwa na miaka kumi na tisa. Nikakishika tena nina thelathini na nne, nimeshapanda na kushuka ngazi za ofisi za watu nikitafuta kibali cha meza, na zile safari za wajumbe waliorudi na mambo mema wakaishia kuadhibiwa nikazielewa zote. Kitabu kilikuwa kilekile.

8. Cha pili kichague kwa mkia wa cha kwanza

Ukimaliza kimoja ukakipenda, usije ukabeba vitano kwa furaha. Beba kimoja, cha mwandishi yuleyule. Aliyempenda Bwana Msa anamkuta tena katika *Kisima cha Giningi* na *Siri ya Sifuri*, na kile kiko chake mdomoni, na rafiki yake Najum bado anauliza maswali kwa niaba yetu. Mwandishi akikuishia, shika kamba nyingine: mji uleule, zama zilezile, au mkasa unaofanana. Kutoka *Vuta N'kuvute* hadi *Kuli* ni hatua moja. Kutoka *Kuli* hadi *Peponi* ni mbili. Hapo sasa ndipo unaweza kuanza kuniuliza vitabu bora ni vipi, na hapo nitakujibu, kwa sababu utakuwa na ubishi wako mwenyewe.

Andika jina lako ndani ya jalada, kwa wino. Akikiazima shemeji yako, hesabu kimekwenda. Ukikihitaji sana pita turubaini kwangu, huenda ameshaniuzia.